Kipuri cha ndege nyuki kimegoma: kutafuta kosa la alumini kabla basi la Newala halijaondoka

Mikorosho ya Newala na Tandahimba ikianza kuchanua, simu yangu hailali. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haumsubiri mtu. Ukishika maua na dawa haijapulizwa, maua hukauka na kupukutika kabla hayajafunga korosho, na hapo hakuna cha kurudisha nyuma. Ndiyo maana vijana wanaopuliza viuatilifu kwa ndege nyuki, ndege ikigonga tawi ikavunja kishikio cha mota, hawana wiki tatu za kungoja kipuri kutoka ng'ambo. Wanapanda gari na kipande kilichovunjika mfukoni, wanashuka Mtwara mjini saa nane mchana, wanaingia karakanani. "Shikamoo fundi. Tunaomba sita kama hiki, tuondoke navyo na basi la alfajiri."

Naandika haya kwa fundi mwenzangu mwenye mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, jiliwa moja, na usiku mmoja wa kazi. Nilichojifunza kwa kuharibu alumini ya watu ni hiki: kosa unaloliona saa tano usiku lilipandwa saa tisa alasiri, wakati unachagua bamba na kulifunga. Kukata kwenyewe ni dakika 40 kwa kipande. Kinachokula usiku ni kurudia. Kwa hiyo dalili ikitokea, usikimbilie kubadilisha namba kwenye programu. Rudi nyuma, anza na kile kinachoangaliwa kwa dakika moja, kisha endelea na kinachohitaji kufungua na kupima.

Kisu kimevaa alumini

Dalili zake hazijifichi. Dakika tano za mwanzo uso unang'aa. Kisha unakuwa kama umechanwa, mlio wa mashine unakuwa mzito, na maranda yaliyokuwa yakiruka kama punje yanaanza kutoka yamegandana. Ukisimamisha spindeli na kuangalia ncha ya kisu kwa tochi, unaona jino limefunikwa na kipande cha alumini kilichoganda juu yake. Ukiendelea, kisu kinakatika.

Fundi wengi hapa hupunguza mwendo wa meza wakidhani wanakionea kisu huruma. Hilo ndilo kosa lenyewe. Chukua kisu cha 6 mm chenye meno mawili, spindeli ikizunguka mara 16,000 kwa dakika. Kila jino likichukua 0.04 mm, meza inatakiwa kwenda 1,280 mm kwa dakika. Ukiogopa ukashusha hadi 200, kila jino linapata mikroni 6 tu, yaani sehemu sita za elfu za milimita. Hapo jino halikati, linasugua, na kusugua ni kuzalisha joto. Alumini laini yenye joto hushika chuma cha kisu kama ugali kwenye mwiko. Kama mashine yako haina nguvu ya kwenda 1,280, shusha mzunguko na mwendo kwa pamoja: mizunguko 10,000 kwa 800 mm inampa kila jino 0.04 ileile. Punguza kina, usipunguze ulaji wa jino.

Mwendo ukiwa sawa na kisu bado kinavaa, angalia maranda yanakwenda wapi. Kwenye mfuko wenye kina, maranda yasipotoka kisu huyakata mara ya pili na ya tatu. Upepo wa kompresa unatosha kuyatoa, ila kwetu pwani hewa ni nzito kwa unyevu, na tangi la kompresa hujaa maji bila kukuaga. Fungua koki ya chini kila asubuhi. Usiku wa kazi kubwa mimi naifungua mara mbili.

Kisha angalia kisu chenyewe. Visu vya meno manne vya kukatia chuma havina nafasi ya kutolea maranda ya alumini, na vile vilivyopakwa rangi nyeusi-zambarau yenye alumini ndani yake huivuta alumini ya kazi. Tumia meno mawili au matatu, kisu kitupu kisichopakwa kitu, chenye makali. Mafuta ya taa kwa brashi husaidia sana kwenye kutoboa na kutia nyuzi, lakini usiyapulize kama ukungu karibu na spindeli inayozunguka. Karakana inaungua.

Kisu kilichovaa hakijafa. Kiloweke ncha kwenye maji ya kostiki, ile ya watengeneza sabuni, nayo huila alumini na kuacha kisu. Fanya nje, penye upepo, na glavu na miwani, mbali na moto wowote, kwa sababu mapovu yanayotoka ni hidrojeni.

Kuna chanzo kingine ambacho hakimo kwenye mashine kabisa: bamba si lile ulilodhani. Mabaki ya madirisha ni alumini ya aina ya 6063, laini, na ikiwa imewahi kupashwa moto inakuwa laini zaidi. Kishikio cha mota kinataka aina ngumu, 6061-T6 au 7075-T6. Muuzaji wa vyuma chakavu atakuapia kwamba ni "ya ndege". Pima mwenyewe. Kata kipande cha mraba, kipime kwa venia urefu, upana na unene, kipige hesabu ya ujazo, kisha kiweke kwenye mizani ya gramu. Sentimita moja ya ujazo ya 6061 ina gramu 2.70, ya 7075 gramu 2.81. Kwenye kipande cha sentimita 100 za ujazo tofauti ni gramu 11, hata mizani ya jikoni inaiona. Mizani haitakutenganishia 6061 na 6063 kwa kuwa uzito wao ni mmoja. Kwa hizo mbili, piga ncha ya msumari ulionolewa kwa nguvu ileile kwenye bamba unalolijua na lile usilolijua, ulinganishe mashimo.

Kimekaa sawa jiliwani, mezani kimepinda

Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo lililonilia mabamba mengi kuliko mengine yote.

Unachonga kitako cha mota chenye urefu wa 120 mm, kutoka bamba la 6 mm, unashuka hadi 3 mm na kuchimba mifuko ya kupunguza uzito. Mashineni kila kitu kimenyooka. Unalegeza jiliwa, unakitoa, unakiweka juu ya kioo kinene. Unabonyeza kona moja kwa kidole: tik. Unabonyeza ya pili: tik. Jani la 0.3 mm la filageji, yale majani ya chuma ya kupimia mwanya, linapita chini yake bila kukwama. Kipande hicho ukikifungia mota, kitanyooshwa na skrubu kwa lazima, na kitaishi maisha yake yote kikiwa kimekazwa upande mmoja.

Vyanzo ni viwili na tiba zake hazifanani, kwa hiyo vitenganishe kwanza. Weka saa ya kupimia juu ya katikati ya kazi kabla hujalegeza jiliwa, uisome, kisha legeza polepole ukiangalia mshale. Ukiondoka, kipande kimejirudi. Sasa chukua bamba bichi la unene uleule ambalo halijaguswa, lifunge kwa nguvu ileile, ufanye vivyo hivyo. Mshale ukiondoka hata kwenye bamba bichi, mkosaji ni jiliwa: unalikaza mno, au chini ya kazi kuna chembe ya maranda, au taya linanyanyuka likikazwa. Mshale ukitulia kwenye bamba bichi na kuondoka kwenye lililochongwa, mkosaji ni mkazo uliofungwa ndani ya bamba tangu lilipoviringishwa na kupozwa kiwandani. Ngozi ya juu inavuta huku, ya chini inavuta kule, zimelingana. Wewe umeondoa ngozi moja. Iliyobaki imeshinda.

Tiba ya jiliwa ni rahisi. Punguza mkono, safisha, tumia mataya laini ya alumini uliyoyachonga mwenyewe kufuata umbo la kazi. Kwa mabamba ya 3 mm kwenda chini mimi nimeacha kabisa kuyabana kwa pembeni. Nabandika mkanda wa karatasi wa wapaka rangi juu ya meza ya alumini, nabandika mwingine mgongoni mwa kazi, kati ya hiyo miwili natia supagluu, nagandamiza dakika mbili. Inashika vizuri kwa visu vya 6 mm na haimbani mtu kiunoni. Ukimaliza, nyanyua kwa ukingo wa rula ya plastiki taratibu. Ukivuta kwa hasira utakipinda kipande ulichokuwa unakilinda.

Tiba ya mkazo wa ndani inaanzia dukani. Ukiagiza bamba, omba lenye alama ya T651 badala ya T6 tupu. Hizo namba 51 maana yake bamba limenyooshwa kwa kuvutwa baada ya kupashwa moto, na mkazo mwingi umeshatoka. Ukiwa nalo la T6 tu na basi ni la alfajiri, kata kwa awamu. Chonga upande wa kwanza uache 0.5 mm, kigeuze, chonga wa pili uache 0.5 mm, kisha kitoe kabisa, kiache mezani kipinde kinavyotaka. Kirudishe kwa kukishika kidogo tu, pitisha kisu chepesi upande huu, geuza, pitisha upande ule. Najua inauma kulegeza kazi uliyokwisha kuifunga vizuri. Inaongeza dakika 20 hivi kwa kipande. Mifuko nayo usiimalize mmoja baada ya mwingine kutoka kushoto kwenda kulia. Ruka: mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia, ushuke kidogo kidogo kote.

Beringi iliingia usiku, asubuhi inakataa

Msimu mmoja nilichonga nyumba nne za beringi ya 608, yenye kipenyo cha nje cha 22 mm. Zilikuwa za kichwa cha kupulizia. Nilikata bila kipozeo kwa sababu pampu ilikuwa imeziba na sikutaka kupoteza nusu saa kuifungua. Nilipima kila tundu mara tu kisu kiliponyanyuka, nikapata 22.010. Safi kabisa. Mteja alizichukua alfajiri, na saa nne asubuhi akapiga simu kutoka shambani: beringi haziingii hata moja.

Hesabu nilizifanya baadaye kwa kalamu. Kipande kilipotoka kilikuwa na joto la kuunguza kiganja, tuseme digrii 60, na karakana ilikuwa 28. Alumini hutanuka kiasi cha mikroni 23.6 kwa kila mita kwa kila digrii. Kwa tundu la 22 mm na tofauti ya digrii 32, ni mikroni 16 na zaidi. Tundu langu la 22.010 liliposhuka joto likawa 21.993. Kipimo cha H7 kwa tundu hilo kinaruhusu kuanzia 22.000 hadi 22.021, yaani nafasi yote uliyonayo ni mikroni 21, na joto peke yake lilikuwa limeshakula robo tatu.

Kwa hiyo dalili ikiwa "iliingia kikiwa mashineni, ikakataa baadaye", usiiguse programu. Poza kwanza. Alumini hupitisha joto haraka, haihitaji kusubiri usiku kucha. Tumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji yaliyokaa karakanani, dakika tatu, futa, pima. Joto la kawaida la Mtwara dhidi ya digrii 20 za kwenye vitabu si jambo la kukusumbua kwenye tundu dogo hivi. Beringi ya chuma nayo inatanuka, na tofauti yao kwa digrii 10 haifiki mikroni 3. Kinachoua ni joto la kukata.

Dalili ikiwa kinyume, beringi inacheza, angalia kwanza kama kisu kilivaa alumini wakati wa kumalizia, maana kisu kilichovaa ni kisu kinene. Kisha angalia mcheza wa spindeli kwa saa ya kupimia kwenye shina la kisu. Koleti, kile kibano kinachoshika kisu, yenye chembe moja ya vumbi inatosha kukirusha kisu mikroni 20.

Na venia haipimi tundu la beringi. Nalisema hivi waziwazi kwa sababu nimeona mabishano mengi. Midomo ya venia ni bapa, inakaa kwenye duara kwa ncha mbili, na mkono ukiegemea kidogo inakudanganya kwa sehemu tatu au nne za mia. Kama huna chombo cha kupimia matundu, kereza pini mbili kwenye lezi: moja ya 22.000 ambayo lazima ipite, nyingine ya 22.021 ambayo lazima igome. Maikromita ya nje inatosha kuzitengeneza. Pini hizo zitakutumikia miaka.

Mteja akisema kipande kitakwenda kupakwa anodaizi, ile ngozi ngumu inayooteshwa juu ya alumini kwa umeme, hesabu zinabadilika tena. Ngozi ya mikroni 10 huota karibu nusu kwenda ndani ya chuma na nusu kwenda nje, hivyo kipenyo cha tundu hupungua mikroni 10 nyingine. Uliza kabla ya kukata.

Ukuta mwembamba unapiga mayowe

Sauti kali, na ukutani mistari iliyopangana kama meno ya kitana. Jambo la kwanza la kuangalia ni urefu wa kisu kilichotokeza nje ya koleti. Kupinda kwa kisu hupanda kwa urefu uliojizidisha mara tatu: kisu kilichotoka 30 mm hupinda zaidi ya mara tatu ya kile kilichotoka 20 mm. Rudisha kisu ndani hadi kibaki kile tu unachokihitaji. Nusu ya kesi hizi huishia hapo. Ikishindikana, panda kutoka kisu cha 6 mm kwenda cha 8 mm, ugumu unaongezeka mara tatu.

Nusu iliyobaki ni ukuta wenyewe unaoyumba. Usiushushe ukuta wa 1 mm hadi chini kisha ukaurudia kuumalizia, maana hapo hauna kitu cha kuegemea. Shuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi uimalize pande zote mbili huku chini yake bado pana nyama nene. Acha 0.2 mm kwa ajili ya kumalizia, si 0.02, kwa sababu sehemu mbili za mia kisu hakizishiki, kinazisugua. Na kona za ndani zisiwe na nusu kipenyo sawa na cha kisu. Kisu cha 6 mm kikiingia kwenye kona ya radiasi 3 kinakumbatiwa pande mbili ghafla na kupiga kelele. Chora kona ya 3.5.

Nyuzi za M3 zimechomoka na skrubu

Pima tundu kwa shina la drili: kwa tepu ya kukata, M3 inataka 2.5 mm. Drili ya 2.7 iliyochukuliwa kwa haraka kutoka kwenye boksi lisilo na mpangilio ndiyo chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi. Tepu za kukandamiza, zisizotoa maranda, zinataka tundu kubwa zaidi, 2.75 hadi 2.8, na hizo kwenye alumini hutoa nyuzi nzuri. Lakini usichanganye drili ya moja na tepu ya nyingine. Kama tundu ni sahihi, angalia kina. Nyuzi za mm 3 kwenye alumini hazitoshi, toa 5 au 6. Pasipo na unene huo, au mahali skrubu itafunguliwa kila wiki, tia koili ya waya wa chuma cha pua.

Kipande ni kizito kuliko mchoro

Weka mizani karibu na mashine, pima kila kipande kinapotoka. Bamba la 100 kwa 60 linalotakiwa kuwa 4 mm likitoka 4.2 limeongeza gramu 3.2. Kwa mikono sita ni gramu 19. Mara nyingi ni bamba kutoka kiwandani lilikuwa nene na hukulisawazisha, au sifuri ya wima imewekwa juu ya karatasi uliyosahau kuitoa kwenye hesabu.

Umeme umerudi, matundu yamehama

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mota za hatua husahau zilipo. Kosa kubwa ni kubonyeza kitufe cha kuendelea kisu kikiwa bado kimezama kwenye chuma. Kinyanyue kwanza kwa mkono. Rudisha mashine nyumbani kwake, kisha usiamini namba iliyoko kwenye skrini hadi umeihakiki.

Ili uweze kuhakiki, jiandae kabla. Kila kazi ninayoifunga, jambo la kwanza natoboa tundu moja la 6 mm kwenye sehemu ya bamba itakayotupwa, na naandika kwenye karatasi kwa kalamu: liko wapi, sifuri ya X, ya Y, ya Z, mstari wa programu niliofikia. Umeme ukirudi natia pini kwenye tundu, nazungusha saa ya kupimia kuizunguka, napata sifuri ileile ndani ya sehemu moja ya mia. Kisha naendesha programu kisu kikiwa 5 mm juu ya kazi, naangalia kinapita kwenye njia zake za zamani. UPS ndogo kwa ajili ya kompyuta na kidhibiti, hata kama spindeli itazimika, inazuia mengi ya haya.

Matundu yakihama bila umeme kukatika, shika meza kwa mikono miwili uivute mbele na nyuma. Ikicheza, ni nati ya skrubu ya meza au kapulingi iliyolegea.

Ndege inatetemeka, na mteja anakilaumu kipande

Mpokee kwa upole, lakini usikubali kosa wala usilikatae kabla hujapima. Ondoa propela zote kwanza, kwa usalama wako. Hamisha mota yenye mtetemo kwenda mkono wa jirani. Mtetemo ukiifuata mota, kishikio chako hakina hatia: ni beringi za mota au kengele yake iliyopinda ilipoanguka. Ukibaki kwenye mkono uleule, sasa ni zamu yako.

Paka kalamu ya maka kwenye uso wa kishikio, kaza mota kidogo, itoe, angalia wino umefutika wapi. Mara nyingi utakuta umefutika kuzunguka tundu moja tu la skrubu. Hapo pana ukingo mkali ulioachwa na drili, mota imekaa mguu mmoja juu. Ukingo wa 0.1 mm chini ya kitako cha 25 mm ni karibu robo ya digrii, na ukikaza, kitako cha mota kinapinda. Pitisha drili kubwa kwa mkono kwenye kila tundu, mizunguko miwili. Ni kazi ya dakika tano kwa vipande vyote, na ndiyo kazi ya kwanza kuachwa usiku ukiwa mfupi.

Mota ikipata moto au kuzima, toa skrubu uipime urefu. Hili limenipata. Kishikio cha asili kilikuwa 4 mm, mimi nikakichonga 3 ili kiwe chepesi, na mteja akarudisha skrubu zake zilezile. Zilizama 1 mm zaidi zikagusa waya wa shaba ndani ya mota. Ukibadilisha unene, mpe mteja skrubu mpya mkononi pamoja na kipande, usimwachie maelezo ya mdomo.

Kishikio kinachobana bomba la kaboni nacho kina hila yake. Bomba linaloitwa 25 mm laweza kuwa 24.9 au 25.1. Omba bomba lenyewe, lipime sehemu tatu, uchonge kufuata hilo. Mteja akija na kishikio bila bomba, mimi namwambia arudi nalo, hata kama ni kwa bodaboda usiku. Tundu likiwa kubwa atalikaza mpaka kaboni ivunjike ndani kimya kimya.

Ufa pembeni mwa tundu la skrubu

Alumini haina kiwango cha mtetemo ambacho chini yake haitachoka kamwe. Hata mzigo mdogo ukirudiwa vya kutosha utaifungua. Ufa huanzia kwenye kona ya ndani iliyo kali, au kwenye mkwaruzo wa kisu ulioachwa ukikatiza mkono kwa upana. Kama vipande viwili vimepasuka mahali palepale, usichonge cha tatu kwa mchoro uleule kwa sababu mteja ana haraka. Mwongezee kona mviringo na gramu mbili za nyama pale, mweleze kwa nini, kisha sugua ukuta huo kwa msasa kufuata urefu wake. Kuuchomelea ufa kwenye 6061-T6 hakusaidii, joto linaondoa sehemu kubwa ya ugumu uliokuwa umelipia, na 7075 haitaki kabisa kuchomelewa.

Unga mweupe chini ya kishikio

Huja baada ya miezi michache, hasa kwa wanaorusha ndege karibu na maji, Mikindani au Msimbati. Ukifungua kishikio unakuta unga mweupe umejaa kati ya alumini na bomba, na alumini ina mashimo kama imetafunwa na mchwa. Kaboni na alumini zikigusana na chumvi ya bahari ikiwa katikati, zinakuwa betri, na alumini ndiyo inayolika. Skrubu za chuma cha pua hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo.

Safisha kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na brashi laini, kausha, pima unene uliobaki. Kama ukuta umepungua zaidi ya sehemu ya kumi, kibadilishe. Kipya kabla ya kufunga kipake epoksi nyembamba ndani ya tundu na ikauke, au zungushia bomba mkanda mwembamba wa kuhami, ukikumbuka kuuacha nafasi wakati wa kuchonga: mkanda wa 0.06 mm unaongeza 0.12 kwenye kipenyo. Skrubu zipake grisi. Na mwambie kijana anayekuja kuchukua mzigo alfajiri kwamba kila akitoka pwani, aifute ndege kwa kitambaa chenye maji baridi kabla hajaifunga kwenye boksi.